Wingu Lililosajiliwa kwa Jina la Askari

Nyinyi mnaosomea kompyuta siku hizi mnaniudhi kwa jambo moja, na bora niliseme mapema. Nikiwauliza picha za mgonjwa ziko wapi, mnanijibu "ziko kwenye wingu," halafu mnaendelea kunywa soda zenu. Hamshtuki hata kidogo. Ningemuuliza jirani yangu mtoto wake yuko wapi, akaniambia yuko duniani, ningemwita polisi.

Wanaonijua wananiita Mama Akello. Nimetunza kompyuta za kituo kimoja cha picha za tiba hapa Old Kampala mpaka nywele zikabadilika rangi. Jina la kituo silitaji, maana bado nakula nao sikukuu. Tulikuwa tunapiga eksirei, tunapima wajawazito, na tulikuwa na ile mashine kubwa ya duara ambayo mtu anaingizwa kama mkate ndani ya tanuri. Nilizaliwa kambini, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa mdomoni. Sasa nimestaafu, nakaa Kabalagala nyuma ya baa ambayo muziki wake haujali kama nimelala. Watu husema nina mdomo mkali, nami sijawahi kukataa.

Kabla ya kompyuta nilifanya kazi katika chumba cha giza, chini ya Fundi Salimu. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa anaosha filamu za eksirei kwenye dawa, anazianika kwa vibanio, zikikauka anazitia kwenye bahasha kubwa ya kaki na kumkabidhi mgonjwa mwenyewe. Kila mgonjwa alipewa maneno yaleyale: "Hii ni mali yako. Weka chini ya godoro, usiikunje, na ukija tena uje nayo."

Wakaja nayo kweli. Mzee mmoja alituletea kifua chake kilichokuwa kimeziba dirisha lililovunjika kioo jikoni kwake. Moshi ulikuwa umekipaka, lakini mbavu zote zilionekana, na daktari akakisoma palepale akicheka. Mama mwingine alikuwa anafunikia mtungi wa maji kwa goti la mumewe. Tulicheka sana enzi hizo, lakini angalieni jambo lenyewe: picha ilikuwa kwa mwenyewe. Kituo kingeungua leo, kesho watu wa Kampala wangekuja na magoti yao kutoka chini ya magodoro.

Nilipomuuliza Fundi Salimu kwa nini anahangaika na picha kuukuu wakati mashine ipo na tunaweza kupiga nyingine, aliniangalia kwa huruma. "Mama Akello," akasema, "picha ya mwaka jana huwezi kuipiga leo." Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Baadaye kompyuta zikaingia, filamu zikapungua, nikapewa chumba changu chenye seva. Vijana, nisikilizeni kwa habari ya umeme, hata kama mengine mtayapuuza. Umeme ukikatika halafu ukarudi, msiwashe kitu. Ngojeni. Umeme wa Kampala una tabia ya kurudi mara mbili, na ule wa kwanza ndio unaoua mashine. Mimi nilikuwa nachemsha chai kwanza kwenye sigiri ya makaa, nikimaliza kikombe ndipo nawasha. Wakubwa walidhani ni uvivu. Tena paa likivuja, seva huwa iko chini ya tundu palepale, sijui ni kwa nini. Mara mbili niliivisha koti langu la mvua nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa.

Kwa hiyo simlaumu Mkurugenzi kwa kuchoka. Huyo ni daktari wa kusoma picha, mtu msafi, asiyependa ndoo katikati ya ukumbi. Siku moja alituita wote, akasema tunahamia kwenye wingu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila mtu chumbani alikuwa amesikia kitu chake.

Mkurugenzi alisikia nafasi. Alikuwa ameshachagua makochi ya chumba cha seva, kitakachokuwa cha kupumzikia wagonjwa wenye uwezo. Nakato, mhasibu wetu, alisikia kodi ya nyumba: unalipa kila mwezi, kwa dola, na siku ukichelewa mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Brayani, kijana aliyeletwa kutuhamisha, alisikia uhuru. "Anti, tulia," aliniambia. "Daktari atakuwa Nairobi, mgonjwa hapa, picha zinafunguka kotekote. Hakuna tena mambo ya chumba, ufunguo, sijui paa." Na hapo alisema kweli, siku hizi nakubali. Mimi nilisikia kompyuta ya mtu mwingine katika nchi ya watu wengine, nikasema itatupotezea picha. Katika hilo nilikosea. Halikupotea hata goti moja.

Aliyeuliza swali la maana kwangu alikuwa Afande Odongo. Alikuwa askari wetu wa mlangoni, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kwetu huko kaskazini, mrefu, na buti zake zilikuwa zinang'aa hata wakati wa tope. Kazi yake hasa ilikuwa kukilinda kile chumba cha seva, kwa sababu jirani yetu aliwahi kuvunjiwa na kuibiwa kompyuta zote.

"Ile kitu mimi nalinda kila siku," aliuliza, "sasa itaenda wapi?"

"Ulaya, Afande," Brayani akajibu. "Kwa majumba makubwa ya kompyuta."

"Kule iko askari?"

"Wako wengi sana."

"Kale," akasema Odongo, yaani sawa, akavaa kofia yake. "Basi kazi yangu wamepewa askari ya Ulaya."

Watu walicheka. Mwisho wa mwezi akaachishwa kazi kweli. Mkurugenzi alimwambia ukumbini, mbele ya wagonjwa, kwamba hakuna tena cha kulinda. Sauti yake haikuwa ya ukali, na nadhani ndicho kilichoniuma zaidi. Niliinuka nikasema Odongo hawezi kuondolewa kama ndoo ya maji ya mvua. Nikaambiwa nirudi kwenye mashine zangu. Seva yangu ikauzwa kwa wanunua vyuma, makochi yakaingia, na tukaacha kuchapa filamu. Mgonjwa akiomba picha yake aende nayo, msichana wa mapokezi alimwambia, "Usijali nyabo, mama yangu, iko kwa wingu."

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo lilifanyika wiki ile ya kuhama, kabla Odongo hajaondoka. Brayani alikuwa anafungua akaunti, ikamtaka namba ya simu, ile ya kutumiwa tarakimu za kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Simu ya Mkurugenzi ilikuwa imezimwa, yuko na mgonjwa. Ya Brayani ilikuwa na laini ya nchi nyingine. Kwa hiyo akachukua simu ya mlangoni, kale kasimu ka tochi ambako askari alikuwa anapigia wagonjwa kuwaambia zamu yao imefika, akaandika namba yake. Ilifanya kazi mara moja. Sote tukapiga makofi.

Laini ile ilikuwa na jina la Odongo. Zamani serikali ilipotaka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho na kidole, karatasi za kituo zilikuwa zinazungukazunguka maofisini, simu ikakaribia kufungwa. Odongo akasema, "Tumia yangu," akaenda akaweka kidole. Msishangae. Hapa mjini ndivyo tunavyoishi. Wakongo wengi ninaowajua, wasio na vitambulisho vya hapa, wanapiga simu kwa laini zenye majina ya majirani zao, na hakuna anayeona ajabu mpaka siku ya ajabu ifike. Odongo alipoondoka, ile simu ilibaki juu ya meza ya mapokezi, baadaye ikaibwa. Tukanunua nyingine na laini mpya, tukaandika namba mpya kwenye kibao cha mlangoni, tukasahau.

Sasa Mama Nsimire. Huyu ni mwuza vitenge kutoka Bukavu, mama wa watoto wanne, ana sauti ya kuita wateja inayovuka barabara. Alipigwa picha ya kifua kwetu mwaka uleule tuliohamia kwenye wingu, kwa sababu ya kikohozi, na kikaonekana kinundu kidogo kwenye pafu. Siku ile alipoambiwa picha yake iko kwenye wingu, alifurahi. Nilikuwepo. "Vizuri," alisema. "Kwetu nyumba iliungua na kila kitu, hata picha ya ndoa. Hii hata vita ikuje haitaichoma." Mtu aliyekimbia moto anajua anachosema.

Mwaka uliofuata alipiga picha nyingine hospitali kubwa, kinundu bado kipo. Daktari wa upasuaji akamweleza waziwazi: lete picha ya kwanza. Kama kinundu hakijakua, tunakiacha na kukiangalia. Kama huna ya kulinganisha, siwezi kubahatisha na uhai wako, Alhamisi nafungua kifua. Basi Jumatatu alikuja kwetu, na Jumatatu hiyohiyo umeme ulikuwa umerudi mara mbili. Kijana mpya alikuwa kwenye zamu, hakunywa chai. Kompyuta pekee ambayo akaunti iliitambua bila kudai tarakimu ikaungua. Tulipoingia kwa kompyuta nyingine tukiwa na maneno yote sahihi ya siri, skrini ikasema: tumetuma tarakimu kwenye simu yako.

Simu ipi? Tulitazamana. Nikampigia Brayani, ambaye alikuwa ameshapata kazi Kigali.

"Si mnasoma tu namba kwa ile simu ya geti, Anti?"

"Iliibwa."

"Mungu wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia nitulie. Aliwaandikia wenye wingu huko ng'ambo. Jibu likaja la adabu sana, halina jina la mtu: thibitisheni umiliki, ombi lenu litashughulikiwa baada ya siku kadhaa za kazi. Picha zetu zilikuwepo zote, salama kabisa, na askari wa Ulaya walikuwa wanazilinda dhidi yetu.

Mama Nsimire alikuwa amekaa kwenye makochi yale ya wenye uwezo, mkoba mapajani. "Miye sielewi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kifua ni yangu. Picha ni ya kifua yangu. Sasa banaikatalia nani?"

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwetu sote, kwa sababu hata bahasha moja ya kaki tulikataa kumpa.

Laini iliyoibwa inarudishwa, hilo mnalijua, lakini lazima mwenye jina aende mwenyewe na kitambulisho na kidole. Mkurugenzi akamtuma dereva wetu aende Kawempe kumtafuta Odongo. Dereva akarudi mikono mitupu. Odongo alikuwa amemwambia arudi akaseme hakuna cha kulinda.

Siku iliyofuata nikapanda boda mwenyewe. Mama Nsimire akakataa kubaki. "Nitabaki kufanya nini, kungoja kisu?" Tulimkuta Odongo kwenye mashine ya kusaga mahindi, analinda magunia, mweupe kwa unga kuanzia kofia mpaka nyusi, lakini buti zinang'aa. Ilibidi tupige kelele kusikilizana.

"Afande, nimekuja kwa ile laini."

"Nilishajibu dereva."

"Sikutumwa. Nimekuja na mwenye picha."

Akamtazama Mama Nsimire. Mama hakumwomba wala hakulia. Alishika kifua chake chini kidogo ya bega na kusema kwa sauti yake ileile ya sokoni, "Hapa ndiyo banataka kukata. Picha ikifunguka, pengine hapana kata. Hiyo tu, baba."

Odongo akajipangusa unga usoni. "Kwa nini hawakusema iko mtu?" aliuliza. "Wao walisema tu iko akaunti." Akamwita mwenzake ashike zamu yake.

Tulienda kwenye duka la kampuni ya simu, tukapanga foleni, akaweka kidole. Mashine ikamkataa mara ya kwanza kwa sababu ya unga. Akaosha mikono, ikamkubali. Nikamwambia laini hiyo aitie kwenye simu yangu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba meno yake. "Madamu, hapana. Itaingia kwa simu yangu."

Tukafika kituoni wote watatu. Mkurugenzi alikuwa ananingoja kwenye kompyuta, na niseme haki, alikuwa amepoteza rangi. Mgonjwa ni mgonjwa, naye ni daktari. Nikaandika maneno ya siri. Simu ya Odongo ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti ya gwaride, nami nikaziandika. Wingu likafunguka. Nikatafuta jina la Nsimire, kifua chake kikaja kwenye skrini, ubavu mmoja mmoja. Niliituma kwa daktari wa upasuaji, nikampigia kuhakikisha imefika, kisha nikafanya jambo ambalo sikumwomba mtu ruhusa: nikatoa filamu ya mwisho iliyobaki stoo, nikaichapa, nikaitia kwenye bahasha, nikamkabidhi mwenyewe. Mkurugenzi alifungua kinywa. Nikamwambia, "Ni mali yake." Akakifunga.

Daktari wa upasuaji alipiga simu kabla hatujainuka. Kinundu kilikuwa vilevile, hakijakua hata kidogo. Alhamisi hakuna kisu. Mama Nsimire alikaa chini sakafuni na kuweka paji la uso juu ya bahasha, nasi tukageuka kando ili alie kwa nafasi yake. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Baada ya hapo Mkurugenzi akapata nguvu. Akaninong'oneza kwamba tukiwa bado ndani tubadilishe namba, tuweke yake, haya mambo yasitokee tena. Nyinyi mngesema ni sawa, na kiutaalamu ni sawa kweli: namba ya akaunti iwe ya kituo, tena ziwe mbili, na zisajiliwe kwa majina ya watu ambao bado mnawaheshimu. Nikabonyeza mahali pa kubadilisha. Skrini ikasema kwamba ili kubadilisha namba, tarakimu nyingine zimetumwa kwenye namba ya sasa.

Simu ya Odongo ikalia tena.

Aliisogeza mbali na macho kama mara ya kwanza, akaisoma kimya kimya.

"Afande," akasema Mkurugenzi, kalamu mkononi. "Tunangoja namba."

"Ile ya kwanza ilikuwa ya mama," Odongo akajibu. "Hii ni ya nani?"

"Ya kituo. Ni utaratibu tu."

"Wewe ulisema hapa, watu wakisikia, hakuna kitu ya kulinda."

Ukumbi ulikuwa umejaa kama siku ile. Wagonjwa walikuwa wanatusikia kupitia mlango uliokuwa wazi, na msichana wa mapokezi aliacha kuandika. Mkurugenzi aliangalia ukumbi, akaniangalia mimi, akaniambia nimweleze Odongo kwamba tarakimu zile zina dakika chache tu.

"Anajua," nikasema. "Amezisoma."

Najua mtaniuliza kwa nini sikumbembeleza, mimi niliyetunza mashine zile maisha yangu yote. Akaunti ilikuwa wazi mbele yangu, na kila picha ya kila mgonjwa ilikuwa nyuma ya buti mbili. Neno moja tu lilikuwa linahitajika, dogo, ambalo tunawafundisha watoto kabla hawajaanza shule walitamke wakimkosea mtu, na aliyetakiwa kulisema alikuwa amesoma kuliko sote. Nilikunja mikono.

Odongo alisimama wima katikati ya chumba, unga bado masikioni, simu kiganjani. Mkurugenzi akabofya kalamu, akaibofya tena. Skrini ikatuarifu kwa adabu kwamba muda wa tarakimu umekwisha, na ikauliza kama tunataka zitumwe upya.

"Tuma tena?" nikamuuliza Mkurugenzi.

Aliinuka, akaenda akafunga mlango wa ukumbini. Kisha akasimama pale akiwa ameshika kitasa, akafikiri, akaufungua tena mpaka mwisho, akamgeukia Odongo.